Neno la Nyumbani: Sato, Perege au Ngege?



Safari hii neno letu limetoka majini. Ijumaa moja tulikwenda Al-Ha'ir, kusini ya Riyadh, ambako maji ya Wadi Hanifah hutuama na kufanya maziwa madogo yenye matete. Zamani bonde hili lilichafuliwa sana na taka. Lilisafishwa, na mwaka 2010 mradi huo ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Tulimkuta mzee mmoja akivua kwa mshipi. Ndooni mwake mlikuwa na samaki wanne. Aliposikia Kiswahili chetu, akauliza, "Kwenu mnawaitaje hawa?"

Tukagawanyika papo hapo. Mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Mwanza alisema sato. Wa Morogoro akasema perege. Wa Kisumu akasema ngege. Sisi tuliokulia Jeddah tulisema bulti, neno la Kiarabu, kisha tukanyamaza kwa aibu.

Tukampigia bibi wa yule wa Mwanza simu ya video. Hakuuliza rangi, maana samaki hubadilika rangi kwa maji, umri na msimu wa kuzaa. Alisema tu, "Wajukuu zangu, hebu ukunjueni mkia niuone." Tukaukunjua. Ulikuwa na mistari myembamba ya wima, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shinani hadi ukingoni. "Basi huyo ni sato," akasema. "Na perege ni jina la ukoo mzima, kwa hiyo wa Morogoro naye hakukosea."

Bibi akanogewa, akatupa somo zima. Tunaliandika hapa ili lisipotee:

Sato ana pezi moja refu mgongoni, mbele lina miiba na nyuma ni laini. Jike huatamia mayai mdomoni.

Sangara ana mdomo mpana, na pezi la mgongoni limekatika katikati, kama mapezi mawili. Mkia wake ni wa mviringo.

Kambare hana magamba. Kichwa chake ni bapa, ana sharubu nane, na huweza kuvuta hewa, ndiyo maana hafi upesi akitolewa majini.

Gogogo naye ana sharubu na hana magamba, lakini ni mfupi na ana miiba mikali. Mshike kwa uangalifu.

Kamongo ni mrefu kama mkunga, mapezi yake ni kama nyuzi, na ana mapafu.

Je, wa Kisumu alikosea? Hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria ni samaki mwingine, na mkia wake hauna mistari ile. Sangara na sato waliletwa ziwani humo miaka ya 1950. Kwa sababu yao, na kwa uvuvi uliozidi, ngege wa asili alikaribia kutoweka katika ziwa kubwa. Bado yupo katika maziwa madogo ya jirani, kama Kanyaboli huko Kenya. Samaki aliondoka, jina likabaki, watu wakampa sato. Kwa hiyo mwenzetu alisema kama wanavyosema kwao, ila jina lake lina umri kuliko samaki aliyemwona.

Nasi wengi wetu tuna majina ya namna hiyo. Tumeyasikia jikoni kwa mama, lakini hatujawahi kumshika mwenye jina. Tukiendelea hivyo, watoto wetu watabaki na "samaki" tu.

Mzee aliwarudisha samaki wake majini, nasi tukarudi mjini. Kazi ya mwezi huu ni moja: mpigie simu bibi, babu au shangazi, umwombe jina moja la samaki wa kwao na alama tatu za kumtambua. Tuletee kwenye mkutano wa klabu. Usiulize rangi, anza na mkia.