Tumehesabiwa vya Kutosha

Mimi nimejibu maswali tangu nikiwa mtoto. Kambini, kule Kigoma, walikuja vijana wenye fulana na simu: mnalala wangapi, jana mlikula mara ngapi, choo kiko mbali kiasi gani. Tuliporudi huku Muhuta wakaja wengine, na maswali karibu yale yale. Mama anajibu, wanashukuru, wanaondoka. Majibu hatujarudishiwa hata siku moja.

Nilikuwa nadhani ile programu kwenye simu zao ni kitu cha gharama kubwa, cha wasomi. Jamani, si kweli. Inaitwa KoboCollect, na ni sehemu ya zana za KoboToolbox. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Imejengwa juu ya ODK, kazi iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kobo yenyewe ilitoka kwa watafiti waliokuwa wakiwauliza watu wa kaskazini mwa Uganda habari za vita, na jina lake ni neno la Kiacholi, maana yake kuhamisha. Yaani chombo kimekuzwa kwa majibu ya watu kama sisi, halafu sisi tunakiona mkononi mwa mgeni tu!

Kukiweka kwenye simu si kazi. Unaingia Play Store, unaandika KoboCollect, unapakua. Mtandao ukisumbua, subiri siku unayoenda Rumonge mjini. Fomu unaitengeneza kwenye tovuti yao, maswali unayaandika mwenyewe, kwa Kiswahili au Kirundi. Fomu ikishaingia kwenye simu, unapanda kilimani bila mega hata moja. Majibu yanakaa ndani mpaka upate mtandao wa kuyatuma.

Vijana wenzangu wananiambia: "Takwimu bila pesa zinasaidia nini?" Nami nawauliza: anayeandika swali si ndiye anayeamua shida ipi ionekane? Mwaka 2015 mlima ulibomoka pale Gitaza, watu wakafa, barabara ya Bujumbura ikakatika. Mwaka 2024 ziwa likapanda likaingia majumbani. Mimi kwenye fomu zote nilizojibu, sijaulizwa hata mara moja kuhusu mlima.

Basi sisi tukauliza. Tulikuwa na simu tatu, mojawapo kioo kimepasuka. Kwanza tukaomba ruhusa kwa chefu wa kilima, kisha tukapita nyumba kwa nyumba na swali moja kubwa: mvua ikinyesha usiku, mnakimbilia wapi? Wengi walisema kanisani. Na kanisa lenyewe liko chini ya mteremko ule ule! Kila mtu alijua jibu lake, hakuna aliyekuwa amejua jibu la jirani. Jioni tukawasomea majibu pale pale nje ya kanisa, na wazee wakaanza kubishana njia ipi ya usiku ni salama. Ubishi ule haukuletwa na mradi wowote.

Nisidanganye, kuna hatari. Sisi tunaotoka ukimbizini tunajua orodha ya majina inaweza kumfanya nini mtu. Kwa hiyo sisi hatuandiki majina wala namba za simu. Anayekataa kujibu anaachwa kwa heshima. Simu inafungwa kwa nywila. Na mambo ya mashamba ya 1972 hatuyagusi kabisa. Hayo yanataka wazee wakae chini, si kijana na fomu. Programu ni ya bure, lakini uaminifu wa mama aliyekufungulia mlango si wa bure.

Wenye miradi nao nina neno kwao. Mnakuja na chombo cha bure, mnatulipa posho ya siku mbili tukizungushe, kisha mnaondoka nacho kana kwamba ni siri. Mara nyingine tufundisheni kutengeneza fomu, si kubonyeza tu. Na majibu yarudisheni kwa waliojibu.

Wewe kijana unayesoma hapa, simu unayo. Jumapili hii pakua, andika maswali matano ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza mama yako. Anza na yeye.