Kasongo na Kabambare: nota za kwaya zisibanwe kwa kuogopa karatasi

Mwalimu wa kwaya anayeandika nota kwa kompyuta mjini Kasongo, makao ya jimbo Katoliki tangu mwaka 1959, ana hesabu yake: karatasi ni ghali, na fotokopi za kwenda Kabambare husafiri kwa pikipiki. Kwa hiyo hupunguza nafasi kati ya safu moja ya mistari mitano na nyingine, hadi wimbo wote uingie ukurasa mmoja. Hapo anakosea.

Safu zikibanwa, maneno ya sauti ya kwanza hugusa nota za juu za sauti ya pili. Kwenye kioo cha kompyuta bado yanasomeka. Kwenye fotokopi ya fotokopi yanakuwa doa, na kila mwanakwaya anakisia lake.

Karatasi inaweza kuokolewa kwa njia nyingine. Pale ambapo sauti zote nne zinatamka maneno kwa pamoja, sauti mbili za wanawake ziwekwe safu moja, mbili za wanaume safu nyingine, na maneno yaandikwe mara moja katikati. Safu nne zinakuwa mbili. Panapobaki msongamano, programu ya MuseScore, ambayo hailipiwi, inaruhusu kupanua nafasi ya mahali hapo tu bila kugusa ukurasa mzima.

Wimbo ukikataa kuenea, uende ukurasa wa pili. Karatasi hulipiwa mara moja. Silabi iliyokaririwa vibaya mazoezini huimbwa vibaya miaka mingi.