Urembo wa kiigizi si kipimo cha programu

Kuna kichekesho kimoja kinachowapata wanafunzi wanaojifunza kutunga programu za simu. Kijana yuko Voi, mbele ya walimu wake na wageni waalikwa, naye anafungua ramani ili programu yake ionyeshe mahali aliposimama. Ramani inafunguka vizuri, rangi zake zinapendeza, kisha alama ya buluu inatua Mountain View, jimbo la California, Marekani. Ukumbi unacheka, kijana anatahayari. Wala hapana mchawi aliyemchezea. Simu inayoonekana ukutani si simu. Ni picha ya simu iliyoundwa ndani ya kompyuta, na watengenezaji wake waliipangia tangu mwanzo kujiona iko jirani na makao makuu ya Google mpaka mtumiaji aiambie vinginevyo.

Wenzangu wa idara za kompyuta hukiita chombo hiki emuleta. Mimi nitakiita kiigizi, maana kazi yake ni kuiga simu: kina kioo chake, betri yake, kamera yake na mtandao wake, na vyote hivyo ni vya kuigiza. Ni chombo cha manufaa makubwa, hasa kwa mwanafunzi asiyeweza kununua simu za aina 10 ili ajaribu kazi yake. Juu ya hayo, wengi wamegundua kwamba kinafaa sana siku ya maonyesho. Picha yake hurushwa ukutani ikiwa safi, bila kivuli cha kidole wala kioo kilichopasuka. Android, tena, ina hali maalumu ya maonyesho ambayo humwezesha mtungaji kuijaza betri, kuisimamisha saa mahali apendapo, kuvijaza vijistari vya mtandao na kuzificha arifa zote, ili ujumbe wa mdai wake usichungulie katikati ya hotuba.

Wako wanaodai kwamba huo ni udanganyifu mtupu. Sikubaliani nao. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa mwandiko mzuri hamdanganyi mtu, na wazee wetu hawakukosea waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata wakubwa wa ufundi huu wamejipamba. Steve Jobs alipoizindua iPhone mwezi Januari mwaka 2007, ulimwengu huu wa simu ulikuwa bado mchanga, na chombo alichokishika kilikuwa hakijakomaa. Mwandishi Fred Vogelstein alisimulia mwaka 2013 jinsi mafundi walivyoipanga simu ile ionyeshe vijistari vyote vitano vya mtandao wakati wote, mtandao uwepo usiwepo, na jinsi Jobs alivyofuata utaratibu maalumu wa vitendo ambao haukuelekea kuizimisha. Matangazo ya kampuni hiyo yakaendelea miaka na miaka kuonyesha saa 9:41 ya Kizungu, yaani saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi kwetu sisi, kwa kuwa ndiyo saa inayokaribiana na ile ya uzinduzi.

Lakini Jobs alikuwa na jeshi la mafundi waliorudi kazini baada ya makofi kwisha. Mwanafunzi wetu hana. Kwake yeye makofi ndiyo alama ya mtihani, na baada ya alama kazi hufungiwa kabatini, au, jambo lililo baya zaidi, huuzwa kwa shule au ofisi ya umma kama ilivyo. Hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Tuchukue mfano wa programu ya kuwaarifu wakulima wa Sagalla kwamba ndovu wamesogea mashambani. Huo si mfano wa anasa. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti hii, na huko Sagalla watafiti wa shirika la Save the Elephants wamewasaidia wakulima kuzungusha mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu huwaogopa nyuki. Katika kiigizi, arifa ya ndovu hufika mara moja. Nguvu zinazoiendesha ni za kompyuta, si za simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu finyu. Mtandao ni wa kompyuta. Betri, usipoigusa, imejaa na inachajiwa daima. Mkulima mwenyewe yuko gizani, saa saba za usiku, na betri imebakiwa na asilimia 6. Arifa ikichelewa nusu saa, mahindi yamekwisha.

La kusikitisha ni kwamba kiigizi kile kile kingeweza kuyaonyesha haya. Ndani yake mna vidhibiti vya kushusha betri, kupunguza kasi ya mtandao hadi ile ya kizazi cha pili, kudhoofisha mawimbi, hata kuyakata kabisa. Mtungaji anaweza kukipa majira ya nukta na kukisafirisha kwa njia ya Voi hadi Taveta, kikatize Tsavo Magharibi baada ya Maktau bila kutoka kitini. Anaweza pia kukiambia kwamba kimo katika mtandao wa ugenini, jambo wanalolijua fika wakazi wa Taveta, ambao simu zao hunasa mitandao ya Tanzania pasipo wao kuvuka mpaka. Chombo kimoja kina nyuso mbili, na sisi walimu tumewazoesha wanafunzi kutuonyesha ule uliopakwa poda.

Hata hivyo mimi si mtu wa mitambo. Kilio changu hasa ni cha lugha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Programu nyingi huonyeshwa kwa Kiingereza, na mtungaji akiulizwa kuhusu Kiswahili hujibu kwamba tafsiri itaongezwa baadaye, kana kwamba lugha ni rangi ya kupakwa nyumba ikiisha kujengwa. Sivyo. Kiingereza kina neno moja tu la kutangaza kwamba kitu kimefutwa, na neno hilo hubandikwa mbele ya jina lolote. Kiswahili hakikubali. Ujumbe umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Mtungaji aliyeacha pengo moja la jina na kuweka "imefutwa" mbele yake atafaulu siku ya maonyesho, maana ataifuta picha, na picha haina ugomvi na "imefutwa". Siku mwalimu wa darasa la nne atakapofuta jina la mtoto aliyehama, simu itamwambia "jina imefutwa". Mwalimu huyo ndiye anayewatoza wanafunzi wake alama kwa kosa hilo hilo.

Wingi nao una vituko vyake. Neno ndovu halibadiliki, awe mmoja au wawe kumi. Kinachobadilika ni kitenzi. Ndovu 1 ameonekana, ndovu 3 wameonekana. Mtungaji aliyezoea kutia herufi ya wingi mwishoni mwa nomino ya Kiingereza hutafuta wingi mahali ambapo haupo, akauacha mahali ulipo. Utaratibu wa kuandaa kauli mbili, ya umoja na ya wingi, umo katika Android kwa lugha ya Kiswahili. Kinachokosekana ni mtu wa kuutumia.

Na saa je? Shule ikitangaza mkutano wa wazazi kwa programu iliyogeuza saa ya Kizungu neno kwa neno, mzazi atasoma "saa 2:00". Mwenye shule alikusudia saa nane mchana. Mzazi wa Wundanyi aliyeteremka mlimani kwa matatu ya alfajiri atafika saa mbili asubuhi, akae chini ya mti saa sita nzima. Katika onyesho lililosimamishwa saa yake mahali pamoja hitilafu hii haiwezi kujitokeza.

Maneno yetu, isitoshe, ni marefu. Kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha neno fupi la Kiingereza hakiwezi kubeba "Mipangilio" wala "Thibitisha malipo"; neno hukatwa kiuno au hushuka mstari wa pili na kuharibu urembo wote. Waliotengeneza Android walilitambua tatizo hili, wakaweka lugha ya bandia inayorefusha maneno ya Kiingereza makusudi, ili mtungaji aone vitufe vyake vikipasuka kabla mteja hajaviona. Ni chombo kizuri, ingawa kwetu sisi sioni haja ya lugha ya bandia ilhali tunayo halisi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wanaoketi katika meza za kutahini, wa vyuoni na hata wa sekondari wanaosimamia maonyesho ya sayansi, wamwache mwanafunzi aonyeshe kiigizi chake kikiwa kimepambwa apendavyo, kisha wamtake afanye jambo moja papo hapo: aifungue orodha ya lugha, achague Kiswahili, apunguze mtandao, na aifute kumbukumbu ambayo mtahini ameichagua, si ile aliyoizoea yeye. Alama za onyesho hilo la pili zisiwe chini ya zile za la kwanza. Mwanafunzi akijua mapema kwamba ataulizwa hivyo, ataanza kuwaza juu ya ngeli tangu siku anapochora kitufe cha kwanza.

Akiwa katika orodha hiyo hiyo ya lugha, ateremke kidogo. Atakikuta Kitaita pia, maana wasanifu wa viwango vya kompyuta wamekwisha kukiingiza pamoja na majina ya siku na miezi. Jumamosi humo huitwa Kifula Nguwo, siku ya kufua nguo. Akikichagua, kalenda ya simu huweza kumsalimu kwa lugha ya nyanya yake, huku programu aliyoitunga yeye mwenyewe, mzaliwa wa Mgange au Mwatate, ikiendelea kumjibu kwa Kiingereza.