Bajaji ya Umeme: Usinunue Wati, Nunua Kontrola

WAFANYABIASHARA wa Masasi na Newala wanaofikiria kuweka mitaji yao katika bajaji za umeme hawana budi kuuliza swali ambalo ni nadra muuzaji kulitaja: kontrola yake ni ya aina gani?

Swali lililozoeleka ni wati ngapi. Lakini wati peke yake hazipandishi magunia ya korosho. Newala ipo juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Anayetoka Masasi na mzigo lazima apande, tena maeneo mengi ya uwanda huo ni ya mchanga. Hapo kinachohesabika ni nguvu ya kuzungusha gurudumu tangu chombo kikiwa kimesimama, bila kushtuka.

Mota hizi kwa kawaida hazina brashi. Kontrola ndiyo inayogawa umeme kwenye koili kwa zamu, ikifuata mahali zilipo sumaku. Kontrola ya bei ya chini hugawa kwa hatua 6. Mota iliyoundwa kwa mawimbi laini ikilishwa hivyo, nguvu yake hushuka hadi takriban asilimia 87 ya kilele kisha hupanda, mara 6 katika kila duru ya umeme. Kwenye mwendo wa kasi dereva hasikii kitu. Mlimani, kwa mwendo wa polepole, chombo hunguruma na kutikisika, tairi huweza kuteleza mchangani, na gia hulika mapema.

Kontrola ya mawimbi hubadilisha umeme kidogo kidogo, nguvu ikatoka sawasawa. Elimu yake si ngeni: Felix Blaschke wa kampuni ya Siemens ya Ujerumani aliifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bei yake ni kubwa zaidi, wala haifanyi miujiza. Mota ndogo ikizidiwa na mzigo itachemka tu.

Hata hivyo hesabu iko wazi. Minada ya korosho huanza Oktoba. Chombo kikilala gereji wakati huo, rejesho la mkopo halilali.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apakie magunia, asimamishe chombo kwenye mwinuko, kisha aondoke polepole. Kikishtuka, adai bei ishuke au aache. Na aina ya kontrola iandikwe kwenye ankara na kwenye dhamana. Rahisi huvunja upishi.