Usimlishe Mtoi wa Mwenyewe kwa Basi

Kuna mama mmoja mpole sana ambaye nusura amuue mpwa wangu. Niseme hivyo mapema ndio tusizungushane.

Alikuwa na leso safi na sauti ya chini, na alituombea safari njema gari ikitoka Nairobi. Tukapita Mtito Andei, sista yangu amelala, mimi niko kwa simu nakatakata video. Mama akafungua karatasi, akampa mtoi kipande cha kashata ya njugu. Mtoi ako na miaka tatu. Kuna mtoto anakataa kashata?

Huyu ako na alaji ya njugu. Mzio, kama Kiswahili ulikipita vizuri. Kwa dakika chache midomo ilikuwa imefura, shingo imejaa vipele, akatapika kwa nguo yangu, halafu akaanza kukohoa na sauti ikakauka. Sista akaamka akapiga nduru. Na basi nzima ikageuka madaktari.

"Ni hewa tu, fungueni dirisha." "Mpe maziwa." "Mnyweshe soda." Jamaa wa nyuma akasema watoi wa siku hizi ni wa mayai. Konda naye: "Madam, gari haiwezi simama kila mtu akitapika." Kisanduku cha huduma ya kwanza tulipofungua kilikuwa na bandeji moja na chupa tupu.

Tulishushwa Voi. Mabegi chini, gari hiyo ikaenda, nauli haikurudi. Tukapanda boda watu watatu mpaka hospitali, daktari akamdunga adrenalini kwa paja, na ndani ya dakika chache mtoi akaanza kupumua kama mtu. Walikataa tuondoke hadi asubuhi, kwa sababu hii kitu inaweza kurudi tena masaa kadhaa baadaye hata kama mtoto ameshaanza kucheka. Hiyo wengi wenu hamjui. Hata mimi sikujua.

Pia sikujua kwamba ile Piriton tulibeba, ambayo kila mzazi anatembea nayo kama hirizi, inapunguza vipele na kuwashwa lakini haifungui koo linaloziba. Dawa ya kwanza ni adrenalini. Ni dawa ya zamani, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ile kalamu yake ya kujidunga mwenyewe ndiyo shida. Tulizunguka maduka ya dawa Nairobi mpaka miguu ikauma, tukaikosa.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu simchukii. Tukishuka alikuwa analia. Lakini katikati ya machozi alisema kitu ambacho nimekisikia kwa majirani, kwa kanisa, na kwa komenti zenu nilipoweka stori hii: "Si mngekuwa mnampa kidogo kidogo azoee?"

Hapo ndipo tunagombana.

Najua mmetoa wapi. Mwaka wa 2015 watafiti wa London walitoa matokeo yaliyoshangaza wengi: watoto wachanga walio katika hatari, wakianza kulishwa vyakula vya njugu kati ya miezi 4 na 11, wengi zaidi wanaepuka alaji hiyo kuliko wale walionyimwa. Ni kweli kabisa. Lakini hao ni watoto ambao alaji ilikuwa bado haijawashika, na walipimwa kwanza. Mtoi ambaye mwili wake tayari unapigana na njugu ni hesabu nyingine. Ndiyo, yapo pia matibabu ya kuuzoesha mwili, lakini dozi inaanza ndogo kama vumbi, daktari ndiye anayepima, na dawa ya dharura iko karibu. Haifanywi na abiria wa kiti namba 14 karibu na Voi.

(Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, hamchoki kunikumbusha. Kusoma hakuhitaji gauni.)

Wengine mnasema hizi ni shida za watoi wa Runda. Sista yangu anauza mitumba. Mtoi hakuchagua hii alaji ndio aonekane wa maana. Na hao wa majuu wenyewe hawakuzaliwa wakijali. Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate wa kujazwa kwenye uwanja wa ndege wa London. Ulikuwa na simsim ndani ya unga na lebo haikusema. Alizidiwa ndani ya ndege ikielekea Nice, Ufaransa, na akafa siku hiyo hiyo, licha ya kudungwa kalamu mbili. Sheria yenye jina lake, ya kulazimisha chakula kama hicho kiandikwe viungo vyote, ilianza Oktoba 1, 2021. Miaka mitano ya wazazi wake kusukuma.

Kashata inayouzwa dirishani haina lebo na haitakuwa nayo kesho. Kwa hivyo lebo ni wewe. Ni mdomo wako kuuliza, "Mama mtoto, anaweza kula hii?" Sekunde tatu.

Na msinigeuze adui wa njugu. Sijasema basi nzima iache kutafuna. Kwa huyu wetu hatari kubwa ni kula, ama mikono yenye mabaki kushika kikombe chake na uso wake. Kula njugu zako, pangusa mikono, mtoto wa mwenyewe muulizie kwanza. Konda akisikia mtoto hapumui, gari isimame ama ikimbie moja kwa moja hospitali. Hiyo nayo ni kudeka?

Halafu kuna wale wa "si mkae nyumbani basi". Nyanya yake ako Likoni na magoti yake hayamfikishi Nairobi. Alikuwa hajamshika huyu mtoto tangu azaliwe. Eti akose mjukuu kwa sababu wewe huwezi kuuliza swali moja?

Desemba tunarudi. Tutakaa nyuma ya dereva, na kabla gari ing'oe nitasimama niseme kwa sauti kwamba huyu mtoi njugu zinaweza kumuua. Mtaniona ninajifanya. Kwa mkoba wake kuna ndizi, chapati za mamake na kikombe chake chenye kifuniko. Ukitupata njiani msalimie, anapenda kugonga ngumi.