Piloti wa jeti za wakubwa: mushahara ni muzuri, lakini anaweza kusema «hapana»?

Tarehe 17 Mwezi wa 11, 2025, ndege ya kukodi iliyomuleta waziri wa Migodi, Louis Watum Kabamba, ilitoka inje ya barabara ya kutua ku kiwanja cha Kolwezi, kisha ikawaka moto. Watu wote walitoka wazima. Waziri alikuwa anakuja juu ya musiba wa Kalando, kwenye daraja liliangukia wachimbaji siku mbili mbele ya pale. Viongozi wa jimbo walisema wafu hawakupungua 32.

Wakaaji wengi waliongea juu ya waziri. Lakini mbele ya ndege kunakuwa watumishi, na vijana wengi wa Lualaba wanatamani kazi yao. Inaleta nini, na inaomba nini?

Kazi yenyewe

Shirika kubwa linaruka kwa saa zilizopangwa. Jeti ya wakubwa inaruka wakati mwenye kulipa anataka. Kule Marekani, kampuni NetJets ilianza katika 1986 kuuzisha ndege kwa vipande: watu kadhaa wanakuwa wenye ndege moja. Mwenye kipande kimoja ku 16 anapata karibu saa 50 za kuruka kwa mwaka. Kampuni ndiyo inaleta mapiloti na kutunza ndege. Huku kwetu, ndege za namna hii zaidi ni za kukodi ao za kampuni yenyewe. Kwa piloti kazi inafanana: abiria wachache, wakubwa, wenye haraka.

Faida

Ya kwanza ni siku za kupumuzika. Ku NetJets, piloti wengi wanatumika siku 7, kisha wanakaa nyumbani siku 7. Kolwezi inajua mupango huo: ni kama rotasio ya watumishi wa migodi wenye wanatoka mbali. Mutu anajua mapema siku gani atakuwa pamoja na watoto.

Ya pili, hana lazima ya kuhamia kwenye ofisi ya kampuni iko. Ya tatu ni ufundi: leo kiwanja kikubwa, kesho kidogo. Na saa za kuruka zinaongezeka, zikimupeleka kwenye 1,500, hesabu inayoombwa kwa kibali cha juu cha kuongoza ndege kubwa za abiria.

Hasara

Siku 7 za kazi si siku 7 za kuruka. Piloti anaweza kungojea mupaka usiku juu mukubwa hajamaliza mukutano. Ku viwanja vidogo, yeye mwenyewe anapanga mizigo na anaangalia kama mafuta na chakula cha abiria vimefika. Harusi na matanga havingojei rotasio yake imalizike.

Tena, kazi hii inategemea mufuko wa migodi. Tarehe 22 Mwezi wa 2, 2025, serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi. Tangu tarehe 16 Mwezi wa 10 inapelekwa kwa kipimo. Kampuni ikikaza mukaba, ni rahisi kupunguza safari za jeti kuliko kuzima kiwanda.

Neno gumu: «hapana»

Hasara kubwa zaidi haiandikwe ku kontra. Kiwanja cha Kolwezi kiko ku urefu wa karibu metre 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na joto linaizidisha wepesi. Ndege inaomba barabara ndefu zaidi. Katika majira ya mvua, mawingu ya radi yanaweza kufunga kiwanja kwa dakika kidogo. Piloti ndiye anapaswa kusema: tungojee, ao turudie Lubumbashi.

Ku shirika kubwa, abiria hamujui piloti. Ku jeti, mukubwa anakaa nyuma yake kabisa, na ndiye analipa. Kumukatalia kunaomba moyo.

Katanga inajua machungu ya safari hizi. Tarehe 12 Mwezi wa 2, 2012, jeti iliyomubeba Augustin Katumba Mwanke, gavana wa zamani wa Katanga na mushauri wa Rais Joseph Kabila, ilipita mwisho wa barabara ku Kavumu, karibu na Bukavu. Alikufa, na mapiloti wawili vilevile. Kila ajali iko na sababu zake. Lakini ndege ikianguka, haichague mukubwa na mutumishi.

Ndiyo maana sheria ni ya lazima. Marekani, tangu 2003, ndege za vipande ziko na mupaka: kwa kawaida, mapiloti wawili wanaoruka pamoja hawapite saa 14 za kazi kwa siku, wala saa 10 za kuruka, na wanapumuzika saa 10. Mupaka kama ule unamulinda piloti: akikataa, si yeye anakataa, ni sheria.

Mbele ya kutia sahihi

Kibali cha kwanza cha kutumika kwa mushahara kinaomba saa 200 za kuruka, ao 150 ku shule yenye kukubaliwa. Safari za kimataifa zinaomba pia Kiingereza cha kiwango cha 4. Ni masomo ya bei kali, na familia inaweza kuuzisha hata kiwanja juu ya kuyalipa.

Basi siku ya kontra, muzazi na kijana wasiulize mushahara peke. Waulize: saa za kazi ziko na mupaka gani? Nani anakagua ndege? Mapato ya piloti yanakatwa akirudisha ndege juu ya mvua? Na nani, kwa maandishi, anamupa haki ya kukataa kuruka?

Kampuni yenye kushindwa kujibu ulizo la mwisho inamuomba kijana auzishe kitu kimoja chenye mushahara hauwezi kurudisha.