Kabla Hujalipa Chumba, Uliza Kimewekwa Dawa Gani

Wewe unayefunga begi kwenda Kariakoo kufuata mzigo wa sikukuu, nipe dakika tano kabla basi halijaondoka. Ukifika gesti usiku utauliza bei. Utauliza kama maji yanatoka, kama feni inazunguka, kama geti linafungwa saa ngapi. Safari hii ongeza swali moja: chumba hiki, au cha jirani, kimewekwa dawa ya kunguni? Lini, na dawa gani? Ukijibiwa "vidonge vya mahindi", usilale hapo. Hata kama umeshalipa.

Mimi nilikuwa nimeshalipa. Nilifika saa nne usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi tangu alfajiri, nikapewa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya pili. Kwenye korido nikakutana na harufu kama ya vitunguu saumu vilivyoanza kuoza. Mlango uliopakana na wangu ulikuwa umezibwa kwa selotepu pande zote. Nikarudi chini.

"Samahani dada, kile chumba chenye selotepu kina nini?"

"Aa, usihofu kaka, ni kunguni tu. Wameweka vile vidonge vya mahindi. Kesho asubuhi tunafungua."

Alinijibu kwa upole kabisa, kama anayenitajia saa ya chai. Nilichukua begi langu nikatoka, pesa ya usiku ule ikabaki mezani kwake. Sijaidai mpaka leo.

Vidonge hivyo tunavijua wote tuliokulia kwenye nyumba zenye ghala. Kilichomo ndani ni alumini fosfaidi. Kikikutana na unyevu, hata ule wa hewani tu, kinatoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi na fukusi kwenye magunia. Ghalani kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu: magunia yanafunikwa turubai, watu wanakatazwa kukaribia kwa siku kadhaa, kisha panafunguliwa hewa ipite. Gesti haina turubai. Kuna selotepu mlangoni, na juu ya dari mara nyingi hakuna ukuta unaotenganisha chumba na chumba. Gesi inapita kwenye nyufa, kwenye tundu la waya wa umeme, kwenye uwazi wa juu ya dari, mpaka ilipo pua ya aliyelala. Na usisubiri harufu ikuonye. Inaweza kukupita bila wewe kuinusa, nayo gesi ikawa imeshafika kiwango cha kudhuru.

Kinachonitisha zaidi ni jinsi sumu hii inavyojificha. Inaanza kwa kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, pengine kuhara, kisha kizunguzungu na kifua kubana. Msafiri akipatwa na hayo saa nane usiku atalaumu nini? Chipsi mayai za jioni, au samaki wa kule kituoni basi liliposimama. Atameza kidonge cha tumbo, atakunywa maji, kisha atarudi kulala kitanda kile kile, katika hewa ile ile. Wanaomwangalia nao watamfungia mlango apumzike. Dawa ya kuiondoa fosfini mwilini haipo. Daktari atasaidia moyo na mapafu visisimame huku mwili ukipambana wenyewe, na kwa hiyo kila saa uliyoipoteza ukilaumu samaki ina uzito.

Usidhani haya ni ya gesti za bei rahisi peke yake. Agosti 2018, mume na mke kutoka Uingereza walikuwa mapumzikoni Hurghada, Misri, katika hoteli ya kitalii. Chumba kilichopakana na chao kilipuliziwa dawa ya kunguni, na kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na mlango wa kuunganisha uliofungwa. Walilala. Asubuhi walikutwa hali zao mbaya, na siku ile ile wote wawili wakafa. Ilichukua mpaka 2023 kwa mchunguzi wa vifo huko Uingereza kuhitimisha kwamba waliuawa na kaboni monoksidi, iliyotokana na dawa yenye dikloromethani iliyopuliziwa kwa jirani. Dawa ilikuwa tofauti na vidonge vyetu. Ukuta haukuwasaidia.

Simlaumu dada wa mapokezi, wala simtetei mwajiri wake. Ila ukweli ni kwamba kunguni wamewashinda wenye hoteli. Zamani DDT iliwaua, wakaizoea. Zikaja dawa za jamii ya pairethroidi, ndizo zilizomo kwenye makopo mengi tunayopulizia mbu, na sasa kunguni wengi wanazivumilia. Ukimpulizia asiyekufa anahama, kwa hiyo chumba kimoja kinakuwa vitatu. Hapo ndipo mtu anapokumbuka vidonge vya shambani. Mwaka 2023 Paris yenyewe, ikijiandaa kwa Olimpiki, ilikumbwa na taharuki ya kunguni kwenye treni na majumba ya sinema, kwa hiyo tuache kuwaona kama aibu ya maskini. Aibu hiyo ndiyo inayofanya dawa iwekwe kimyakimya usiku.

Basi ukipata chumba ambacho hakikuwekwa sumu, kikague. Usiliweke begi kitandani. Liweke bafuni kwanza, kwenye vigae. Washa tochi ya simu, inua shuka kwenye pembe za godoro, chungulia mishono. Tafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, au mdudu mwenyewe, bapa, mwenye ukubwa wa punje ya dengu. Angalia nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye maungio ya chaga. Hana mabawa na haruki, anatembea tu, na mara nyingi hakai mbali na anapolala mtu. Ukimwona, omba chumba kingine kisichopakana na hicho, au ondoka. Usikubali "subiri kidogo, tunakupulizia sasa hivi".

Nguo ulizovaa safarini zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walionyesha kwamba kunguni wanavutiwa na nguo chafu kuliko safi, kwa kuwa zimebeba harufu ya mtu. Begi lililoachwa wazi sakafuni, na soksi za jana juu yake, ni mwaliko.

Hapo tunafika nyumbani, na nyumbani ndipo ninapoogopa zaidi. Alama za kuumwa huchelewa kwa baadhi ya watu, pengine siku kadhaa, na kwa wengine hazitokei kabisa. Utakapoanza kujikuna utakuwa umesahau gesti. Jike mmoja aliyepanda na jinzi zako anataga mayai machache kila siku, meupe, ya milimita 1, yamegandishwa kwenye nyufa za kitanda cha watoto. Mdudu mzima anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukihama chumba kwa wiki mbili hakumuui.

Na hapo jirani mwenye nia njema atakuletea vidonge viwili vimefungwa kwenye gazeti.

Nakusihi, virudishe. Usiviweke chini ya godoro, wala kabatini, wala kwenye stoo iliyopakana na chumba cha kulala. Ukivikuta vimeshawekwa, usivimwagie maji wala usipige deki, kwa sababu maji ndiyo yanayoiamsha gesi. Watoe watu wote nje na uache milango wazi. Akianza mtu kutapika, mpelekeni hospitali mara moja, na mtajieni daktari jina la dawa. Kama mna pakiti yake, ipigeni picha bila kukaa ndani. Msipoteze muda na maziwa. Sumu iliyoingia kwa pumzi haizuiliwi na maziwa ya tumboni.

Kunguni anauawa kwa joto. Bibi zetu waliotoa kitanda uani na kumimina maji yanayochemka kwenye maungio walikuwa na akili kuliko sisi wenye vidonge. Nguo za safari zifue kwa maji ya moto wa nyuzi 60 zikiweza kuvumilia, kisha zipige pasi, hasa kwenye mishono. Begi likague nje ya nyumba, zipu kwa zipu. Jua ni msaada, ila godoro nene usilitegemee jua peke yake, maana mdudu atakimbilia ndani kwenye ubaridi. Wakiwa wamezidi, ita mtaalamu mwenye kibali, na kabla hajafungua pampu mwambie akuonyeshe lebo: dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na imeandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba? Akisema ni mchanganyiko wake mwenyewe, mwambie aondoke.

Kunguni anakera, ananyima usingizi, anaweza kukufukuzia wateja. Lakini hakuna ushahidi kwamba anaambukiza binadamu ugonjwa. Hajawahi kumuua mgeni usiku mmoja.

Wewe mwenye gesti, wageni wa Desemba wanakuja, na najua chumba kitupu kinauma. Vidonge hivyo vitoe stoo leo. Na kama kuna mlango mmoja kwako umezibwa selotepu sasa hivi, panda juu uwaamshe waliolala pande zote mbili.